Jasho la Ndelilio

Nilikuwa nimetoka kununua vitumbua kwa Mwanaasha, kama kila siku jua linapoelekea kuzama, na sikuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Mtu anayeishi peke yake hana haraka ya kurudi kokote. Mwanaasha alinifungia vinne. Nikamwambia siku hizi vitumbua vyake vimekuwa vidogo kama vifungo vya shati, naye akanijibu kwamba vitumbua ni vilevile, macho yangu ndiyo yamezeeka. Ndivyo tulivyozoeana. Siku nyingine maneno yale ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu yote kuanzia asubuhi.

Ilikuwa Juni, mwaka wa hamsini na moja. Baridi ya mlimani ilikuwa imeteremka mpaka Moshi mjini, na watu wa mtaa wetu wa Majengo walitembea wamejikunyata.

Mimi naitwa Yunusu. Hapa mtaani wananiita Fundi Gitaa, ingawa natengeneza pia vinanda vya makanisani, gramafoni, na mara mojamoja mguu wa kitanda. Mke wangu Mwantumu alifariki miaka minne kabla ya siku ninayoisimulia. Alikufa kwa kifua. Hatukujaliwa watoto. Chumba cha mbele ndicho karakana, cha nyuma ndipo ninapolala, na ukutani kati ya vyumba hivyo limetundikwa gitaa langu mwenyewe, ambalo sikuwa nimeligusa tangu tulipomzika.

Nilipokaribia mlango nikamwona mama mmoja ameketi kwenye kizingiti. Alikuwa mtu mzima, amejifunga kitambaa kichwani, miguu yake imejaa vumbi la safari. Mapajani alikuwa amepakata kitu kirefu kilichofungwa katika blanketi la kijivu la askari. Alikipakata kama mtu anavyompakata mgonjwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye fundi wa magitaa?"

"Ndiye mimi. Karibu ndani, huko nje baridi itakuua."

Hakucheka. Aliingia, akaketi kwenye stuli, akakataa kitumbua. Aliniambia jina lake ni Elinipendo, kwao ni Mamba, juu kule mlimani, na amefikia kwa mtu wa kwao karibu na stesheni. Kisha akafungua blanketi.

Lilikuwa gitaa zuri. Tumbo lake lilikuwa limechubuka, lakini shingo ilikuwa imenyooka na ubao wake ulikuwa wa mpingo halisi. Ila lilikuwa chafu! Kati ya vile vyuma vyembamba vinavyoukata ubao, pale vidole vinapokanyaga, palikuwa pamejaa ukoko mweusi, mzito, wenye mafuta yaliyokauka. Nimeshasafisha magitaa mengi lakini sijaona ukoko kama ule. Mpigaji wake hakuwa mtu wa kulipumzisha.

"Ni la mwanangu Ndelilio," akasema. "Alikwenda vitani Bama na jeshi la Keya. Rafiki yake Efraimu ndiye aliyeniletea hili vita vilipokwisha. Mwanangu hawakumleta. Hawakuniletea hata ukucha."

"Pole sana, mama."

"Anakuja."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Kila jua likizama anakuja mpaka penye mimea ya masale, mpakani mwa kihamba chetu cha migomba. Anasimama. Namwita, haingii. Miaka saba sasa, baba. Hana mahali pa kulala."

Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala chumba cha pili. Wazee wa ukoo wao walikuwa wamemwambia kwamba aliyepotelea mbali hulazwa kihambani kwa kitu kilichotoka mwilini mwake: unywele, ukucha, jino. Hakuwa na chochote. Nguo zote za mwanawe alikuwa amezifua, kama mama yeyote anavyofua. Mpaka wiki iliyopita alipolifungua lile blanketi kulianika juani, akapitisha kidole kwenye shingo ya gitaa, kikatoka cheusi.

"Hili si jasho lake?" akaniuliza. "Si ngozi ya vidole vyake?"

Nilimwambia kweli. Ukoko wa shingo ya gitaa ni jasho, ni mafuta ya ngozi, ni ngozi yenyewe iliyosagika juu ya nyuzi. Hakuna kingine zaidi ya vumbi kidogo.

Akatoa kifuani kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.

"Basi unisafishie. Kila kitakachotoka, ukifunge humu. Usitupe hata punje. Na usichanganye na cha mtu mwingine, baba, nakuomba. Wakwe zangu wamesema ardhi humpokea yule inayepewa. Haiulizi jina."

"Kule kwenu hakuna mafundi?"

"Wapo. Lakini mchungaji akijua, atanitenga na meza ya Bwana. Wewe ni mtu wa msikitini, huna wa kumwambia."

Aliposimama kuondoka aligeuka mlangoni, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu kama tabasamu. Alisema Ndelilio alikuwa na wimbo mmoja ambao hakuwahi kuumaliza. Kila akifika katikati aliacha, akaukaza uzi mwembamba, akaanza tena. "Nilikuwa nikimgombeza," akasema. "Nikamwambia, wewe mtoto, maliza basi tukalale."

Akaenda zake. Kitambaa cheupe nikakitundika kwenye msumari juu ya meza ya kazi ili nisikisahau.

Sasa nitasema nilichofanya, na sitajitetea.

Kazi ya kusafisha shingo ya gitaa ina mpangilio wake, na mikono yangu inaujua kuliko ninavyoujua mimi. Unalegeza nyuzi polepole, zote kwa pamoja, shingo isije ikashtuka. Unazitoa. Unachukua kitambaa chakavu, unakilowesha mafuta ya taa kidogo, unapitisha kwenye ubao ili ukoko ulainike. Unasubiri. Unafuta kwa nguvu, ukifuata mishipa ya mti. Kinachobaki kwenye pembe za vyuma unakikwangua kwa kipande cha pembe ya ng'ombe, maana wembe huumiza mpingo. Halafu unatia mafuta ya kitani, matone machache tu, mti uyanywe mpaka kesho yake.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nikimfikiria Mwantumu. Ilikuwa tarehe ileile aliyofariki. Mikono ikafanya kazi yenyewe. Ikalowesha, ikafuta, ikageuza kitambaa, ikafuta tena, ikakwangua, ikafuta. Mpingo ukatokea chini yake mweusi, wenye kung'aa, na nikafurahi kama ninavyofurahi siku zote. Vitambaa vyenye mafuta ya taa mimi sivitupi. Navitumia kuwashia jiko. Na hicho nikakisukumia chini ya mkaa, nikawasha kiberiti, nikainjika chai.

Ule moto uliwaka vibaya. Ulitoa moshi mzito, wa chini chini, na harufu ambayo si ya mkaa wala ya mafuta ya taa. Ilikuwa harufu ya mtu. Nikafungua dirisha, nikanywa chai yangu vikombe viwili.

Nilipoinua macho, kitambaa cheupe kilikuwa kwenye msumari.

Kimekunjwa vilevile.

Nilimwaga jiko zima sakafuni. Nilipekua majivu kwa vidole mpaka vikaungua. Hapakuwa na kitu. Mwili wote wa Ndelilio uliobaki duniani ulikuwa kiasi cha kujaza kifuniko cha chupa, nami nilikuwa nimechemshia chai.

Mtu mwenye haya angemngoja yule mama na kumwambia ukweli. Mimi nilimwona akiwa ameketi pale kwenye stuli, nikaona uso wake nitakaposema, nikaogopa. Nikajiambia uchafu ni uchafu. Nikajiambia mama anataka moyo wake utulie, na utatulia. Nikaenda ukutani, nikalishusha gitaa langu.

Gitaa lile hakuna aliyewahi kulipiga isipokuwa mimi. Miaka kumi na mitatu nilimpigia Mwantumu kila jioni. Alikuwa akiketi mkekani nampaka mafuta ya nazi kichwani, namsuka kwa utani kwa sababu sijui kusuka, kisha najipangusa mikono na kulichukua gitaa. Ukoko wake ulikuwa mwingi. Nikaukwangua wote. Nikaufunga katika kitambaa cheupe, nikakaza fundo.

Mama Elinipendo alikuja siku ya pili, jua likizama. Alilitazama gitaa likiwa safi, akaupapasa mpingo, akanishukuru kwa Kichaga, "Aika, mbe." Kile kifurushi alikipokea kwa mikono miwili. Akakileta puani.

Akavuta pumzi mara mbili.

"Kinanuka nazi," akasema.

"Ni mafuta ya kazi, mama."

"Na hiki ni chake chote?"

"Ni chake chote."

Akakiweka kifuani, akalifunga gitaa katika blanketi lake. Aliniambia watamlaza Jumamosi, yeye na shemeji zake wawili tu, kabla ya saa tatu, kwenye kihamba, chini ya masale. Aliniombea dua kwa dini yake. Nilisimama mlangoni nikamtazama mpaka akaingia kwenye kundi la watu waliokuwa wakitoka sokoni.

Jumamosi ile nilikuwa nikipiga msasa mguu wa meza. Juu ya Kibo kulikuwa kweupe kabisa. Ilikuwa haijafika saa tatu.

Ghafla vidole vyangu vikapoa. Havikufa ganzi. Vilipoa, kuanzia kwenye ncha, kama nimevichovya kwenye mfereji. Halafu kinywani nikasikia ladha ya udongo. Udongo mbichi, wa kwenye migomba, wenye majani yaliyooza. Nikatema. Mate yalikuwa safi.

Nilikaa chini. Nilihisi kitu kizito kinawekwa kifuani mwangu taratibu, kisha kinashindiliwa.

Mara ya kwanza.

Mara ya pili.

Mara ya tatu.

Kikaacha. Nikajiambia ni homa. Nilijifunika blanketi na kulala mpaka alasiri, na nilipoamka nikaenda kuangalia kabati nililokuwa nimelitia mafuta ya kitani jana yake. Mafuta yakiwa mabichi huwezi kuyagusa bila kuacha alama, kila fundi anajua. Nikagusa. Nikaondoa kidole.

Hapakuwa na alama.

Nikagusa kwa mkono mzima, nikakandamiza. Mafuta yalikaa vilevile, laini, kama hakuna aliyepita. Nilishika glasi, nilishika kioo cha Mwantumu nikakipulizia pumzi. Nilivyovishika havikunijua.

Jioni nilikwenda kwa Mwanaasha. Nilisimama mbele ya karai lake. Aliwafungia watu watatu waliokuja baada yangu. Nikasema, "Leo vifungo hakuna?" Akashtuka mpaka mwiko ukamponyoka.

"Astaghfirullah, fundi! Umetokea wapi? Sikukuona."

Alinifungia viwili. Miaka yote ile alikuwa akinifungia vinne bila kuuliza. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na vitumbua viwili mkononi, na kwa kweli niliona uchungu kuliko ilivyostahili.

Nilipotia ufunguo mlangoni nikasikia.

Tin.

Uzi mmoja. Mwembamba.

Nilisimama, ufunguo mkononi. Ndani palikuwa kimya. Nikadhani ni panya. Halafu wimbo ukaanza, taratibu, wa mtu asiye na haraka, na sikuwa nimewahi kuusikia. Ulikuwa mzuri. Ukapanda, ukazunguka, ukafika mahali ambapo sikio lilikuwa linangoja uteremke...

Ukakatika.

Kriii. Kitu kilikazwa.

Tin, tin. Ukaanza tena mwanzo.

Nilifungua mlango. Gitaa langu lilikuwa ukutani, limetulia. Lakini chumba kilinuka mafuta ya taa na koti la sufi lililonyeshewa. Na stuli, ile aliyoketi mama, ilikuwa imegeuzwa kuelekea jiko.

Sikuhitaji mganga wa kunieleza. Kitu pekee cha mwili wa Ndelilio kilichorudi kutoka vitani nilikuwa nimekichoma ndani ya chumba hiki. Angekwenda wapi kwingine?

Wiki tatu alikuja kila jioni. Mimi nilikaa chumba cha nyuma, mgongo ukutani, nikisikiliza wimbo usiokwisha. Nilisoma kila aya niliyoijua. Hakuwa na ubaya nami, wala hakukoma. Na huku nje watu walikuwa wananisahau kidogokidogo. Imamu alinipita bila salamu. Mteja mmoja alichukua gramafoni yake mezani, mimi nikiwa nimesimama pale, akamwambia mwenzake kwamba fundi hayupo.

Ijumaa moja nikaamua. Nitapanda Mamba, nitamwambia mama kila kitu, nitachimba kilicho changu.

Nilipanda basi la Marangu asubuhi. Nilishuka njiani nikauliza, nikaelekezwa, nikapanda kwa miguu katikati ya migomba na mibuni, mfereji ukinong'ona pembeni. Ukungu ulikuwa umeteremka mpaka kwenye mapaa. Kitu kilichonitisha ni hiki: baada ya njia panda ya pili sikuuliza tena. Miguu ilijua. Ilikata kushoto penye jiwe, ikavuka daraja la gogo, ikaingia kwenye kihamba ambacho sijawahi kukiona, ikanifikisha moja kwa moja mpaka penye masale.

Palikuwa na tuta dogo, refu kiasi cha mkono. Limefagiliwa vizuri.

Nikasimama juu ya kaburi langu, na vidole vikapata joto kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi.

"Karibu, baba!"

Mama Elinipendo alikuwa anakuja na beseni la majani ya ng'ombe kichwani. Sikumtambua mara moja. Alikuwa amenenepa usoni. Alilitua beseni, akanishika mikono yote miwili, akacheka kwa sauti, akasema mikono yangu baridi, akaniingiza ndani karibu na moto. Akanipa mtori, supu yao ya ndizi, kwenye bakuli. Alinitazama machoni. Katika wiki tatu zile yeye ndiye mtu wa kwanza aliyenitazama hivyo.

"Amelala," akaniambia. "Toka siku ile hajasimama mpakani hata mara moja. Na mimi nalala. Nilikuwa nimesahau usingizi ukoje, baba."

Bakuli lilikuwa mikononi mwangu. Maneno niliyoyaandaa kwenye basi yalikuwa kinywani. Nikasema, "Mama, nimekuja kwa jambo moja."

"Na mimi nina jambo," akasema, akasogeza kigoda karibu. Akashusha sauti. "Anaongea."

"Nani?"

"Mwanangu. Jua likizama naketi pale penye tuta, nasuka ukili, namsikia. Hasemi mengi. Anataja jina moja tu. Anaita polepole, kama mtu anayemwamsha mtu asishtuke."

Moto ulipasuka. Nje ng'ombe alikohoa.

"Anaita Mwantumu."

Nililiweka bakuli chini.

"Hilo ni jina la mjini, la watu wa msikitini," akaendelea. "Nimefikiri sana. Kabla ya kwenda Bama alikaa Moshi miezi mitano akifanya kazi. Huenda alikuwa na msichana wake. Huenda..." Alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa, na alikuwa anacheka. "Huenda nina mjukuu, baba. Sijali dini. Nikimpata nitamleta hapa ale ndizi za babu yake. Wewe unawajua watu wa Majengo. Mwantumu ni nani?"

Miaka kumi na mitatu. Mafuta ya nazi, mkeka, nywele zake mikononi mwangu. Siku ya mwisho nilimshika mkono mpaka ukapoa. Na sasa mama huyu alikuwa ananitazama, uso wake umejaa mwanga.

"Simjui," nikasema.

Nilimkana mke wangu kwa bakuli la mtori. Nilikunywa lote, nikaaga. Nilipopita penye masale sikugeuza shingo, lakini nilisikia. Ilikuwa sauti yangu. Sauti yangu ya zamani, ya nilipokuwa na furaha.

"Mwantumu... Mwantumu..."

Nilikimbia mpaka barabarani.

Nyumbani nilikuta ukimya, na gitaa langu limelazwa mezani. Nilikuwa nimeliacha ukutani. Nililisogeza dirishani nikalitazama shingoni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisafisha wiki chache nyuma, nikalinywesha mafuta ya kitani, likang'aa. Sasa, kati ya chuma cha pili na cha tatu, palikuwa pameanza kuota ukoko mweusi. Nilipitisha kidole. Kidole changu hakikuacha alama, lakini kilitoka cheusi.

Nikanusa. Mafuta ya taa. Sufi mbichi.

Hapo nikaelewa kwamba dawa imejileta. Ndelilio alikuwa anatoa jasho jipya. Nilichotakiwa kufanya ni kulikusanya, kulipeleka Mamba, kuchimbua changu na kulaza chake. Mama angempata mwanawe wa kweli. Mimi ningerudishiwa vidole vyangu, na salamu za watu, na vitumbua vinne. Nilichukua kitambaa cha kichwa cha Mwantumu, cheupe, nikakwangua wiki ile. Nikakwangua na ya pili. Mwisho wa mwezi wa Agosti fundo lilikuwa limetosha.

Sikulipeleka.

Nitasema kwa nini, na atakayecheka acheke. Nilikuwa nimeacha kukaa chumba cha nyuma. Nilikuwa nimehamia karakana, kwenye mkeka, na jioni nilipika chai vikombe viwili nikaviweka karibu na jiko. Alikuja, akapiga. Akifika katikati akikaza uzi, nilisema, "Maliza basi tukalale," na nilisikia kitu kama mtu anayecheka puani. Tangu Mwantumu afariki hakuna aliyepiga kitu katika nyumba ile. Hakuna aliyecheka. Nikimpeleka Ndelilio kwa mama yake, nitabaki na nani? Nikasema Jumamosi. Ikifika Jumamosi nikasema ijayo.

Jioni moja ya Septemba nikasikia sauti nje, kwa Mwanaasha. Sauti ya mama mtu mzima wa mlimani, anaulizia kama kuna anayemjua Mwantumu.

"Mwantumu?" Mwanaasha akajibu. "Mwantumu si alikuwa mke wa fundi gitaa? Marehemu huyo, mama, mwaka wa tano huu. Mpenzi wa mumewe sana. Kila jioni mumewe alikuwa akimpaka mafuta ya nazi."



"Nazi," yule mama akarudia polepole.

Nikanyata nikatia komeo. Ndani, nyuma yangu, wimbo ulikuwa ndiyo kwanza umeanza.

Miguu ilikuja taratibu mpaka mlangoni. Ikasimama. Gitaa likapanda, likazunguka, likafika katikati, likakatika. Kriii. Tin, tin.

Nje nilisikia pumzi ikivutwa kwa nguvu, kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Fundi," akanong'ona. "Huyo ni nani humo ndani?"

Nikakamata komeo kwa mikono miwili.

"Fundi. Nifungulie. Sina hasira na wewe, mwanangu. Nifungulie nimchukue."

Angenitukana, ningeweza kufungua. Lile neno *mwanangu* ndilo lililonishinda. Niliegemeza paji la uso kwenye mbao za mlango na kulia bila sauti, na yeye upande wa pili nadhani alikuwa amefanya vivyo hivyo. Mpaka adhana ya Isha. Ndipo nikasikia miguu ikiondoka.

Asubuhi nilipofungua nilikuta jani la isale kwenye kizingiti. Kila anayeishi chini ya mlima huu, awe wa kanisani au wa msikitini, anajua maana yake. Anayewekewa isale ameombwa, na ombi hilo halikataliwi. Ukiliokota, umekubali.

Sijaliokota. Naliruka nikitoka, naliruka nikiingia. Mwezi umepita na halijanyauka, ni bichi kama lilivyokatwa. Watoto wa mtaani hawalichezei. Mwanaasha siku hizi hanioni kabisa, najihudumia vitumbua mwenyewe na kuondoka.

Ningevumilia yote hayo, kama ningebaki na nilichokificha. Lakini tangu jioni ile Ndelilio hapigi. Chai yake inapoa. Anakuja bado, nanusa sufi mbichi, nasikia mbao za sakafu zikilalamika kutoka penye jiko mpaka mlangoni, na hapo zinanyamaza. Anasimama pale, uso mlangoni, kama alivyokuwa akisimama mpakani mwa kihamba. Namwita akae, hageuki. Anamngoja mama yake, na mimi ndiye mwenye komeo.

Fundo liko hapa mezani ninapoandika. Basi la Marangu linaondoka saa mbili asubuhi. Kesho ni Jumamosi, na nimeshasema nitakwenda.

Jumamosi iliyopita pia nilisema hivyo.